Usumbufu Bila Msumbufu

"Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza." Mkazi wa Ngamiani au Makorora, mjini Tanga, anaijua sentensi hii kabla hajaifikia. Huja mwisho wa tangazo, baada ya saa za kukatika maji au umeme, na msomaji huwa ameshakwenda kujaza madumu. Ni maneno matano tu, lakini yanajua kujificha.

Yananukia ofisi ya Kiingereza na neno lake, inconvenience. Asili yake ni Kilatini: kitenzi cha kukutana na kuafikiana, kikakanushwa. Mambo hayakuoana, basi, mtu hayumo. Kiswahili hakitoi nafasi hiyo. Kama uvumilivu ulivyo sifa ya mvumilivu, na udanganyifu wa mdanganyifu, usumbufu nao una msumbufu wake.

Ndipo "utakaojitokeza" linapoitwa kuokoa jahazi. Wananchi hujitokeza kupiga kura. Mgombea hujitokeza kuchukua fomu. Hapa usumbufu nao unajitokeza, kwa hiari yake, bila wa kuuleta. Itazame nafsi: "tu-" ipo kwenye kuomba, kwenye kusumbua haipo.

Uteuzi wa nomino nao una hesabu yake. Kero hutatuliwa, tangu "kero za Muungano" wa Tanganyika na Zanzibar tumezoea kuuliza zimebaki ngapi. Udhia una bei, na wahenga waliitaja: penye udhia, penyeza rupia, ile sarafu iliyozunguka pwani hii enzi za Wajerumani. Usumbufu haudai utatuzi wala fedha. Unaombewa radhi, yamekwisha.

Sasa lisikilize neno hilo hilo mlangoni, jirani amekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi: "Hodi! Shoga, nimekuja kukusumbua." Mwenye kusumbua yumo katika "ni-", mwenye kusumbuliwa yumo katika "-ku-", hakuna aliyefichwa. Jibu hutoka ndani: "Usumbufu gani tena? Karibu." Aliyejitaja amesamehewa kabla hajaketi, na aliyefuta usumbufu ni yule yule mwenye haki ya kuufuta.

Tangazo lingeweza kusema, "Tutawasumbua, mtuwie radhi." Idadi ya maneno ingepungua, na anayesumbua angeonekana. Lilivyo sasa, ni hodi iliyobandikwa ukutani: hata ukitaka kuitikia "karibu", mlangoni hakuna mtu.