Mwambusi, fundi wa Sokoine

Msimu wa 2013/14 ulipofungwa, kileleni mwa Ligi Kuu ya Tanzania Bara walipangana Azam, Yanga, Mbeya City, kisha Simba. Hao wa tatu walikuwa wamepanda daraja msimu huohuo. Timu ilianzishwa 2011, mali ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, na aliyeinoa ni Juma Mwambusi.

Nafasi ya tatu ni nzuri, lakini mimi huvutiwa zaidi na jinsi ilivyopatikana. Septemba 2013, ndani ya wiki moja, Mbeya City walitoka sare ya 1-1 na Yanga uwanjani Sokoine, wakateremka Dar es Salaam kutoka 2-2 na Simba kwenye Uwanja wa Taifa. Sare ya nyumbani unaweza kuisingizia hewa ya Mbeya, mji ulio juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ambako mgeni hutweta mapema. Ile ya Taifa haina kisingizio.

Kocha wa klabu tajiri akikosa winga, hununua. Asiye na fungu hilo hana budi kufundisha. Deus Kaseke, Paul Nonga, Hassan Mwasapili na kipa David Burhani hawakuwa majina ya kujaza kurasa za magazeti walipoanza msimu ule. Ufundi wa kocha wa namna hii usiutafute kwenye mabao. Utazame mpira ukiwa mguuni kwa adui: nani anarudi, nani anaziba njia, na kama nafasi kati ya mabeki na viungo dakika ya 80 ni ileile ya dakika ya 10. Hotuba ya vyumbani wakati wa mapumziko haiwezi kumpa mchezaji hilo. Hupatikana kwa kurudia zoezi lilelile asubuhi baada ya asubuhi, zoezi linalomchosha hata anayelitazama kwenye majani.

Aprili 2014 Azam walikuja Sokoine, wakashinda 2-1 na kutawazwa mabingwa papo hapo. Walimaliza msimu bila kupoteza mechi hata moja. Kwangu kipigo kile hakiwapunguzii Mbeya City chochote.

Miaka mitano baadaye, timu nyingine ndogo iliwatikisa wakubwa, safari hii Iringa. Lipuli ya Selemani Matola, Nonga yuleyule akiwa kikosini, iliifunga Yanga 2-0 uwanjani Samora katika nusu fainali ya Kombe la FA la 2019. Fainali ikachezwa Lindi, Azam wakashinda 1-0.

Na malipo ya mafundi hawa? Yanga walimchukua Mwambusi mwaka 2015 awe msaidizi wa Hans van der Pluijm. Simba nao wakamchukua Matola mwishoni mwa 2019 awe msaidizi wa Sven Vandenbroeck. Sisemi makocha hao wa kigeni hawakujua kazi. Yanga ya Pluijm na Mwambusi ilitwaa ubingwa wa 2015/16 na kufika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ila aliyeijenga timu ya halmashauri mpaka ikamaliza juu ya Simba alistahili kiti cha mbele mapema zaidi. Machi 2021, Cedric Kaze alipotimuliwa, Mwambusi aliishika Yanga kwa muda, na mwezi uliofuata akateuliwa Nasreddine Nabi.