Jina la Ugonjwa na Jina la Mtu

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyesoma theolojia New York kisha akaiacha, aliandika mwaka 1951 kwamba anayemtibu mtu kwa mazungumzo hana haja ya kutambua kwanza ugonjwa wake. Tena kufanya hivyo kwaweza kumdhuru. Sababu yake ni nzito. Mtaalamu akishatoa jina, mwenye shida huacha kujichunguza, akangoja aambiwe yeye ni nani.

Sisi Walutheri hatupati shida kuielewa hoja hii. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 11, linataka ungamo la faragha lidumu, ila si lazima kuhesabu dhambi zote. Mchungaji hangoji orodha kamili ndipo atangaze msamaha. Rogers naye hakungoja jina la ugonjwa ndipo ampokee mtu. (Pengine ile theolojia haikumtoka yote.)

Hata hivyo, twaona alikwenda mbali mno. Mwaka 1957 alidai kwamba uhusiano wa kweli, wa kumpokea mtu alivyo na kumwelewa kwa ndani, watosha kwa watu wa kila namna. Yeye na wenzake wakaujaribu huko Wisconsin kwa wagonjwa wa skizofrenia waliolazwa hospitalini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1967 hayakufikia matumaini yao: kwa jumla, waliopata tiba hiyo hawakuonyesha nafuu kubwa kuliko wasioipata.

Jambo hili linaugusa usharika. Mama aliyejifungua juzi, asiyelala siku 3, anasikia sauti zikimwamuru amdhuru mtoto. Kumsikiliza kwa upole ofisini kisha kumrudisha nyumbani si upendo. Anahitaji daktari leo hii, na daktari hana budi kujua ni ugonjwa gani.

Lakini nasi tunalo jina letu, tunalolitoa kabla mama huyo hajaketi: pepo. Huo nao ni utambuzi wa ugonjwa, tena usio na kipimo. Katika Yohana 9 wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi. Kipofu mwenyewe hawakumwuliza neno. Lawama ya Rogers inatuangukia sisi kuliko daktari. Jina la daktari laweza kubadilika akimpima upya. Letu humfuata mama huyo mpaka kwenye jumuiya, miaka na miaka, na wanaolinong'ona ni wale wale wanaompa mkono baada ya ibada.