Gari Lipo, Mwenyewe Yuko Wapi?

Ukifuatilia picha za magari ya zamani zinazopigwa Mombasa siku hizi, utadhani zote zimetoka kwa kamera moja. Peugeot 504 imesimama peke yake. Kamera imeshushwa hadi usawa wa taa, ikaelekezwa kwenye kona ya mbele ili pua na ubavu vionekane pamoja. Usukani umekatwa kidogo, rimu ing'ae. Jua la saa kumi na moja. Nyuma ni ukuta mtupu au bahari. Hakuna mtu.

Tusiwaonee, vijana hawa kazi wanaijua. Wanajua lenzi pana ikisogezwa karibu huvimbisha pua ya gari, kwa hivyo wanarudi nyuma na kutumia lenzi ndefu. Wanajua boneti iliyopigwa polishi ni kioo. Usipoichunga itakuonyesha nguzo za stima na miguu yako mwenyewe. Mstari wa bahari haukati paa, wala mnazi hauoti juu ya keria. Hayo yote sawa.

Shida yangu ni hilo neno lao, "kusafisha fremu." Kwani kinachosafishwa ni nini? Hapa Likoni ni foleni ya feri, mkokoteni wa mitungi ya maji, mama wa viazi karai. Halafu ni mwenye gari, anayeambiwa kwa adabu kabisa, "Mzee wangu, hebu jitoe kidogo." Mzee anajitoa. Kinachobaki ni bidhaa inayosubiri bei.

Na haya magari hayakuja kwetu kuwa pambo. Peugeot 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Pikapu za 404 zikafungwa bodi, zikawa matatu. 504 nazo zikabeba abiria wa safari ndefu. Ikiwa moja bado inatembea leo, ni kwa sababu kuna mtu ameitafutia vipuri, na fundi fulani akachonga kile kilichokosekana dukani. Ule mlango wa rangi tofauti ndio historia yenyewe, na ndio upande ambao wapiga picha wetu huukwepa.

Ajabu ni kwamba Likoni ilishawahi kutatua jambo hili. Miaka ya 1990, kando ya kivuko, wapiga picha walikuwa na studio za vibanda zenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Mwanaanthropolojia Mjerumani, Heike Behrend, aliandika kuzihusu katika jarida la African Arts mwaka 2000. Mteja alisimama mbele ya ndege ambayo pengine hajawahi kuipanda, akapigwa picha yake. Ndege ilikuwa ya rangi tu, lakini mtu alikuwa mtu, na alikuwa mbele. Sisi tumegeuza: mashine ni ya kweli, mtu katolewa.

Kuna atakayesema picha ya gari ni ya gari, bas. Na kweli, kumwegemeza msichana kwenye boneti si jibu. Huyo naye amefanywa pambo la pili. Ninachotaka ni uhusiano uonekane. Mwache mzee kwenye usukani, mkono nje ya dirisha. Acha nafasi mbele ya pua, kule gari linakoelekea. Mstari wa foleni utumie kuvuta jicho hadi kwenye maji. Piga ukiwa umesimama, kwa urefu wa macho ya mtu anayengoja kuvuka, manake kamera ya chini hufanya kila gari kuwa mfalme, na 504 hapa ilikuwa mfanyakazi. Bodaboda ikiingia kwenye fremu, usingoje ipite. Ngoja ifike pale inapokaa vizuri.

Hii si maneno ya ladha tu. Magari haya yanaisha. Moja likifa gereji, linakatwa na kuuzwa chuma chakavu kwa kilo, na picha ndiyo inayobaki. Umbo la 504 halitapotea. Kampuni iliyoliunda inalo, tena kwa mwanga mzuri kuliko wetu. Lakini nani aliliendesha hapa, akivuka na nani, akibeba nini, hilo hakuna atakayetuwekea. Na kila siku, kwa adabu kabisa, tunaliambia lijitoe kidogo.