Umeme wa Arua: Ushauri Ulivyopangwa, na Hesabu Iliyobaki

Mwenye kazi ya kuzishauri serikali, benki na makampuni juu ya nishati jadidifu aghalabu huulizwa kwanza ni mtambo gani ununuliwe, ilhali mambo yaliyopita Arua, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, yanabainisha kwamba swali la kutangulia ni lini watu wanauhitaji umeme, na lini chanzo chake kina uwezo wa kuutoa.

Arua ilikuwa mbali na gridi ya taifa, ikipata umeme wa saa chache kwa siku, na wenye maduka na mashine za kusaga wakijitegemea kwa jenereta zao. Mwaka 2003 kampuni ya WENRECo, iliyo katika jamii ya mashirika ya Aga Khan, ilipewa idhini ya miaka 20 ya kuzalisha na kusambaza umeme katika eneo la West Nile, ambamo Arua imo, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Kazi ilipangwa kwa taratibu: kwanza jenereta kubwa la megawati 1.5, litumialo mafuta mazito, ili wateja wapatikane na mapato yaanze. Kisha kituo cha umeme wa maji cha Nyagak, upande wa Paidha, cha megawati 3.5, ambacho baada ya ujenzi uliokawia sana kilianza kazi mwaka 2012.

Mradi huo uliingizwa pia katika mfumo wa Itifaki ya Kyoto wa kuuza upunguzaji wa hewa ya ukaa. Kilicholinganishwa nao hakikuwa giza, bali vijenereta ambavyo wakazi wangeliendelea kuviwasha. Kwa hiyo hata jenereta kubwa, kwa kuwa lachoma mafuta kidogo zaidi kwa kila yuniti (kilowati-saa), lilihesabiwa kuwa na nafuu. Na tuchukue mfano wa maji: kituo cha kilowati 3,500 kikifanya kazi kwa nusu ya uwezo wake mchana na usiku hutoa yuniti 42,000; ili kuzitoa hizo, kijenereta kitoacho yuniti tatu kwa lita kingeteketeza lita 14,000 za dizeli, yaani takriban tani 38 za hewa ya ukaa kwa siku moja.

Lakini ndani ya neno hilo "nusu" ndimo amana ya mshauri inamopimwa, kwa kuwa mto hupungua wakati wa kiangazi, na mahitaji ya mji hupanda baada ya magharibi, wala wastani wa mwaka hauwashi taa ya mwezi Februari. Nyagak peke yake haikuweza kuukidhi mji unaokua. Mwaka 2024 gridi ya taifa ilipofika West Nile, upungufu huo ukapata tegemeo.

Koboko, mji ulio zaidi ya kilomita 50 kaskazini mwa Arua, karibu na mipaka ya Kongo na Sudani Kusini, ina mas'ala mengine, nayo ni masafa. Umeme upoteao katika waya hukua kwa mraba wa mkondo, basi volteji ikiongezwa maradufu, kwa mzigo ule ule, hasara hushuka hadi robo. Hata hivyo zahanati iliyo mwisho wa waya, yenye jokofu la chanjo, yafaa iwe na paneli za jua na betri zake, zikipimwa kwa siku za mawingu mfululizo za masika.

Kwa hiyo taasisi yoyote imwajiriyo mshauri na imlipe kwanza kwa mwaka mzima wa kuupima mto na mzigo, kabla ya kumdai neno lolote juu ya mtambo. Gharama ya mwaka huo ni haba mbele ya mkopo wa miaka 20 uliojengwa juu ya maji yasiyokuwapo.