Kasoro ya Orodha za Msamiati

Desturi ya kumfundisha mwanafunzi msamiati wa Kiingereza kwa orodha ya safu mbili, neno la Kiingereza kushoto na kisawe chake cha Kiswahili kulia, imeota mizizi, na wapo wanaoisifu kuwa ni njia ya mkato. Sisi twaona kwamba orodha hizo humkaririsha mtu maneno bila kumpa maana.

Tuchukue kitenzi kusikia. Mswahili husikia sauti, husikia baridi, husikia njaa, na harufu pia huisikia. Orodha humpa "hear" peke yake. Naye, kwa kuiamini, huandika "I hear cold". Mwalimu hupitisha kalamu nyekundu, ilhali kosa ni la orodha. Kuazima nako kwetu humfaa mwenye kitu na mwenye kukihitaji. Kiingereza chatenganisha "lend" na "borrow". Kwa upande wa pili, "rice" ya Mwingereza ni ile ile shambani, ghalani na mezani. Sisi tuna mpunga, mchele na wali, na mfasiri aliyekariri kimoja tu atatuandikia kwamba wakulima wamepanda mchele.

Darasani hasara ni alama. Ofisini ni nzito zaidi. "Sanction" laweza kuwa kuidhinisha jambo, na laweza kuwa kuliwekea vikwazo. "Oversight" ni usimamizi, au ni jambo lililompitia mtu bila kuliona. Karani mwenye maana moja tu kichwani ataweza kukataza kwa barua lile lililoruhusiwa. Hata "table", likiwa kitenzi, kwa Waingereza ni kuwasilisha hoja ijadiliwe, na kwa Wamarekani ni kuiweka kando. Winston Churchill alisimulia jinsi maofisa wa mataifa hayo mawili walivyobishana kwa neno hilo wakati wa Vita Kuu ya Pili, kumbe wote walitaka jambo moja. Wenye lugha wenyewe hao!

Dawa si ngeni. Michael West, katika orodha yake ya mwaka 1953 yenye maneno yapatayo 2,000, aligawa maana za neno na kuonyesha kila moja hutumika kwa kadiri gani. Watungaji wetu wakishindwa kufika huko, basi na waongeze safu ya tatu, ya sentensi moja kwa kila maana, hata kama kitabu kitabaki na nusu ya maneno kiliyonayo sasa.