Klachi Imeisha, Nani Kasema?

Ukitoka Tarime mjini kwenda Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, una karibu kilomita 87 mbele yako: vilima vya migomba na mahindi, njia ya Nyamongo, Mto Mara wa kuvuka, kisha sehemu ambazo mvua ikinyesha udongo mweusi wa mbuga hung'ang'ania tairi. Pikapu kuukuu ya gia za mkono, ikiwa imesheheni magunia, huilipia njia ya namna hii kwa klachi. Mafundi wa klachi hawakosi kazi, na wengi husifiwa kwa wepesi wa kushusha giaboksi. Sifa hiyo naiona imewekwa mahali pasipo pake. Kushusha giaboksi ni nguvu na spana. Ufundi ni kujua utakachokikuta kabla hujaishusha, na kueleza kilichoiua pleti. Asiyeweza kujibu hilo la pili atakufungia klachi mpya ife kifo kilekile.

Mtazame fundi anavyoanza. "Klachi imeisha" ni jina moja linalobebeshwa magonjwa mengi. Iliyolika kweli huteleza: gari likipanda mlima kwa gia ya tatu au ya nne, injini inapandisha sauti lakini mwendo hauongezeki, na harufu kali ya kuungua inaingia hadi ndani. Fundi mzuri huthibitisha kwa kulisimamisha gari mahali tambarare, handibreki imevutwa, anaingiza gia ya tatu na kuachia pedeli taratibu. Injini ikizimika, pleti bado inashika. Ikiendelea kuunguruma, inateleza. Hufanya hivyo mara moja tu, maana kila jaribio linaunguza kile kidogo kilichobaki. Lakini gia zikigoma kuingia na rivasi ikikwaruza, huo ni ugonjwa wa kinyume: klachi haiachii. Hapo macho yaende kwanza kwenye mafuta ya klachi na silinda zake mbili, ya juu na ya chini. Mara nyingi dawa ni raba ndogo na kutoa upepo, na giaboksi haiguswi. Ukikuta kichupa kimejazwa oili ya injini badala ya mafuta ya breki, chanzo umeshakipata, kwa sababu oili hiyo huvimbisha raba. Kelele inayotokea ukikanyaga pedeli huishitaki rilizi beringi. Inayosikika mguu ukiwa nje na gia ikiwa frii, ikapotea ukikanyaga, huishitaki beringi ya shafti ya giaboksi. Gari linalotetemeka wakati wa kuondoka huenda sili ya nyuma ya injini inavujia pleti, na pleti mpya bila sili mpya ni fedha iliyotupwa.

Mwenye gari atasema mzigo wa ndizi haungoji, na seti nzima ya pleti, presha pleti na rilizi beringi ni ghali kuliko pleti peke yake. Hoja hiyo ina uzito, wala simdharau anayeitoa. Ila hesabu yake ina pengo: kazi ya kushusha na kupandisha giaboksi ni ileile, ubadilishe kimoja au vitatu, na beringi iliyoachwa ikifa mapema utailipia kazi hiyo upya. Kungoja hadi ribiti zifike kwenye flaiwili ni hasara kubwa zaidi, kwani huchora mifereji kwenye chuma na flaiwili italazimika kuchongwa. Fedha isipotosha kabisa, naafiki pleti ya mtumba, mradi imechaguliwa. Ufundi huonekana hata dukani, liwe la Tarime au la Sirari mpakani: fundi anakuja na pleti ya zamani mkononi, analinganisha kipenyo, anahesabu meno ya katikati, anapitisha ukucha kutoka uso wa lainingi hadi kichwa cha ribiti apime kina kilichobaki, anatikisa springi asikie kama zinacheza.

Wapo wanaosema muuaji wa klachi ni dereva, fundi anasingiziwa. Ni kweli anayelishikilia gari mlimani kwa nusu klachi badala ya handibreki anaisaga pleti, na mwangalifu anaweza kuivumilia iliyochoka kwa siku kadhaa: anapunguza mzigo, anashusha gia kabla mlima haujambana, na kwenye tope anaomba kusukumwa badala ya kupiga resi. Lakini nani atamwambia dereva kosa lake, kama si fundi anayesoma pleti iliyotoka? Iliyolika sawasawa imezeeka kihalali. Ikiwa nyeusi, na flaiwili ina madoa ya bluu, imeunguzwa. Anayeitupa nyuma ya gereji bila kuigeuza ametupa ushahidi, na kwangu huyo amefeli hata kama mikono yake ni myepesi.

Kwenye kufunga, tazama mambo madogo. Vumbi la klachi afute kwa kitambaa kilicholowa, asilipulize kwa kompresa, kwa kuwa lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huua mapafu. Grisi kwenye meno ya shafti iwe ya kupaka tu. Ikizidi hurukia pleti. Pleti aiweke katikati kwa shafti ya zamani au kijiti kilichochongwa kwa kipimo, kisha akaze bolti kwa kupishanisha, kidogokidogo, huku na kule. Gari likishuka kwenye jeki, aliwashe, akanyage, angoje kidogo, aingize rivasi. Iingie bila kukwaruza.