Mng'ao Una Namba

Mlango wa gari ukishapulizwa rangi na kukauka, mteja huuinamia, akaona sura yake ndani, akaridhika. Fundi aliyeiva haridhiki upesi hivyo, kwa kuwa anajua jicho hudanganywa na rangi yenyewe. Weka milango miwili yenye mng'ao uleule, mmoja mweusi na mwingine mweupe: watu watakuapia kwamba mweusi unang'aa zaidi, kwa sababu taa inayojiakisi juu ya weusi hujitokeza waziwazi, na juu ya weupe humezwa.

Kipima mng'ao hakina upendeleo huo, na ndiyo maana nakisifu. Ni kisanduku cha kushika mkononi. Unakilaza juu ya rangi, kinapiga mwanga kwa pembe maalumu, kisha kinapima kiasi kinachoruka upande wa pili kwa pembe ileile. Marejeo yake ni kioo cheusi kilichosuguliwa kikawa laini kabisa, ambacho kimepewa namba 100.

Uhodari uko kwenye pembe. Kanuni za kimataifa za ISO 2813 zinazitambua tatu: digrii 20, 60 na 85. Huanzwa na 60. Namba ikipita 70, hamia 20, maana pale juu digrii 60 haitofautishi vizuri kazi nzuri na kazi bora. Ikishuka chini ya 10, kama kwenye rangi ya ukutani isiyong'aa, tumia 85. Mpaka rangi wa nyumba anayeshinda na rangi za mng'ao wa wastani atatoshwa na kifaa cha digrii 60 peke yake. Gereji ya magari haitatoshwa. Ningemshauri mwenye gereji asubiri, adundulize, anunue chenye 20 na 60 pamoja.

Kabla ya kazi, futa kigae cha kusawazishia kifaa kwa kitambaa laini kisichokwaruza. Alama ya kidole tu huharibu namba zote zitakazofuata. Pima sehemu bapa, mahali kadhaa, kisha chukua wastani. Bampa lililopinda liache, kwa sababu kisanduku hakitalala sawasawa na mwanga utapotea njia. Badala yake pulizia kibati bapa rangi ileile, siku ileile, ukipime hicho.

Na usikimbilie namba kubwa. Mlango mpya unakaa jirani na ubavu uliopigwa jua miaka mingi. Pima ubavu huo kwanza, uung'arishe kwa polishi, upime tena, ndipo ujue mlango unatakiwa kufika wapi. Kisha rudi kwenye mlango baada ya siku kadhaa. Thina iliyonaswa chini ya klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, huendelea kutoka polepole, na mng'ao uliokuwa juu jioni ya kwanza huweza kushuka. Hapo namba mbili zilizoandikwa daftarini humaliza ubishi ambao maneno yasingeumaliza.

Lakini kifaa hakioni kila kitu. Uso wenye mawimbi madogomadogo kama ganda la chungwa unaweza kupata namba sawa na uso uliotulia. Kwa hiyo fundi bado huinua taa ya mche mrefu juu ya mlango na kuutazama ukingo wake ndani ya rangi. Ukingo ukicheza, ni msasa wa maji namba 2000, polishi, halafu kipimo upya.